Polisi Hakunikuta Nyumbani

Watu wa nyumbani wana imani moja kuhusu pasipoti ya Ulaya, na imani hiyo haitoki kwa maneno wala kwa dawa. Wanaamini kwamba ukishaipata, bara zima ni lako: leo umelala Stockholm, kesho Roma, keshokutwa Lisbon, na hakuna wa kukuuliza umetoka kwa nani. "Wewe ushapita, mwanangu," shangazi yangu wa Kilifi huniambia kwenye simu. "Watu wa viza hawakujui tena." Na kwa upande wa safari, shangazi hakukosea. Nilipohama Sweden kuja Ubelgiji nilivuka mipaka na masanduku yangu na sufuria ya pilau, na njia nzima mtu pekee aliyetaka nimwonyeshe kitu alikuwa mkaguzi wa tiketi.

Kuhama si kazi. Kazi ni kutulia. Maadamu unatembea, Ulaya haina neno nawe. Weka sanduku chini, tundika pazia, nunua ufagio, hapo ndipo inapogutuka na kutaka kujua wewe ni nani, unalala wapi, unalala na nani, na nani anayekulipa.

Sheria yenyewe naijua, kwa sababu nimeisoma usiku wa manane nikiwa na hasira, na hakuna mwanafunzi wa sheria anayesoma kwa makini kumshinda mtu mwenye hasira. Ni agizo la Umoja wa Ulaya namba 38 la mwaka 2004, la tarehe 29 Aprili. Linasema raia wa nchi mwanachama akiingia nchi nyingine ya umoja, miezi mitatu ya kwanza hatakiwi kuwa na chochote ila pasipoti au kitambulisho chake. Ikizidi miezi mitatu, awe anafanya kazi, au anasoma, au ana pesa za kumtosha na bima ya afya. Akiwa hivyo, ana haki ya kukaa, na nchi mwenyeji ina ruhusa ya kumtaka ajiandikishe. Akijiandikisha apewe cheti. Na ibara ya 8 haikuacha nafasi ya ubishi kuhusu lini: mara moja. Miaka mitano mfululizo ikipita, anakuwa mkazi wa kudumu.

Hayo maneno "mara moja" niliyapigia mstari kwa kalamu nyekundu, nikaikunja karatasi, nikaitia mkobani. Imo humo mpaka leo, pamoja na Panadol.

Lingekuwa jambo la kusamehewa kama ningekuwa naishi kisiwani kusikofika habari. Mimi naishi Brussels. Pendekezo la sheria hii lilitoka hapa hapa, kwa Kamisheni ya Ulaya, ambayo makao yake makuu ni lile jengo la Berlaymont, mabawa manne ya vioo, bendera za buluu zimejipanga mbele. Kutoka pale hadi dirisha la manispaa yangu ni vituo vichache tu vya metro. Sijui "mara moja" ilishukia kituo gani, lakini kwenye manispaa haikufika. Tena manispaa zenyewe katika Jimbo la Brussels ni 19, kila moja na meya wake, na ofisi yake, na tovuti yake, na namna yake ya kukuchosha. Yangu siitaji. Bado nina mambo yangu pale.

Niseme ukweli, kila nchi imepewa hiari kwenye jambo hili, na kila nchi imeitumia kwa tabia yake. Ireland haimuulizi raia wa Ulaya hata karatasi ya ukaazi; ingia, kaa, lalamika kuhusu mvua pamoja na wenzako. Ufaransa haimlazimishi. Ujerumani ilikifuta cheti cha raia wa Ulaya mwaka 2013, na ukisikia hivyo unaweza kupiga vigelegele, mpaka uambiwe kwamba kila mtu anayehamia nyumba, Mjerumani mwenyewe akiwamo, lazima akaandikishe anwani yake ndani ya wiki mbili, mkononi ana karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba kweli amehamia. Uholanzi, ukipanga kukaa zaidi ya miezi minne, wanakupa siku tano. Austria, siku tatu. Siku tatu! Mtu hajajua hata swichi ya taa ya choo iko wapi.

Uhispania nako kuna kijikaratasi cha kijani. Rafiki yangu mmoja wa Lamu, mwenye pasipoti ya Ujerumani, alihamia upande wa Valencia kufuata jua na mume. Kijikaratasi hicho hakina picha, kwa hiyo hakikutambulishi kwa mtu yeyote. Lazima utembee nacho pamoja na pasipoti, ambayo ungetembea nayo hata bila hicho. Ada yake ni kama euro 12, na inalipwa kwa fomu namba 790. Kulipa si tatizo. Tatizo ni miadi: anaingia kwenye tovuti alfajiri, saa ambazo wengine wanaamkia daku, na nafasi zimekwisha. Nani anazichukua? Yeye anaapa ni majini.

Na Sweden nilikotoka? Cheti cha namna hii walikifuta Mei 2014. Lakini usiwasifu mapema. Kule bila namba ya utambulisho huwezi kujiunga hata na jimu, na namba hiyo unaiomba kwenye mamlaka ya kodi, kwa sababu ndiyo inayotunza rejista ya watu. Hadi mwaka 1991 lililokuwa likiandika nani kazaliwa, nani kahama na nani kafa ni kanisa la taifa. Kisha mchungaji akamkabidhi mtoza ushuru daftari la kondoo, na maisha yakaendelea, kwa maana wote wawili shughuli yao ilikuwa kukusanya. Lakini Msweden ana jema lake: akishakuandika, ameandika. Kwa kawaida hatumi mtu kuja kukuchungulia.

Ubelgiji inatuma mtu.

Habari hii niliipata dirishani, kutoka kwa karani kijana mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Nilikuwa nimekamilisha kila kitu: pasipoti, mkataba wa nyumba, barua ya mwajiri, picha, ada. Akazipanga, akapiga muhuri, akanipa karatasi iitwayo Kiambatisho cha 19. Hapa karatasi za wageni zina namba, na namba hizo aliyezipanga alikuwa na ugomvi na hesabu. Ukiomba kuandikishwa unapewa Kiambatisho cha 19. Ukikubaliwa, Kiambatisho cha 8. Ukikataliwa, cha 20. Kwa hiyo kufaulu ni kushuka ngazi kumi na moja na kufeli ni kupanda moja. Na ukija kutembea tu kwa muda usiofika miezi mitatu, unapaswa kutoa taarifa ndani ya siku kumi za kazi, upewe cha 3ter. Kipo pia cha 3 mtupu, na cha 3bis. Karani anavitaja vyote bila kusoma mahali, anavyotaja mtu majina ya wajukuu zake.

"Sasa, Madamu," akasema, "nenda nyumbani ukamngoje polisi."

Mimi ni Mkenya wa kuzaliwa. Maneno hayo hatuyapokei tukiwa tumekaa.

"Polisi wa nini?"

"Polisi wa mtaa. Anakuja kuhakikisha kwamba unaishi unapoishi."

"Anakuja lini?"

"Huwa hasemi. Akisema, utajiandaa."

"Nitajiandaa kufanya nini? Kuishi kwangu?"

Akatabasamu kwa adabu. Basi nikatoa karatasi yangu mkobani, nikamwonyesha ule mstari mwekundu. Akaisoma yote, bila haraka, akanirudishia kwa mikono miwili. "Ni kweli kabisa, Madamu. Polisi akishapita, tunatoa mara moja."

Nimeandika "Madamu" peke yake kwa sababu jina aliloliunganisha nalo si langu. Pasipoti yangu ina majina matatu: langu, la baba, la babu. Huku jina la mwisho ndilo la ukoo, na kwa hiyo serikali mbili za Ulaya hadi sasa zinaniita kwa jina la babu mzaa baba. Sikatai, babu alikuwa mtu wa heshima zake. Lakini ni mzee ambaye ujana wake wote aliandikwa bila kutaka. Zama za ukoloni, tangu miaka ya 1920, wanaume Waafrika Kenya walilazimishwa kubeba kipande, wengi wakikivaa shingoni ndani ya kijikebe cha chuma, na polisi akikukuta bila hicho una lako. Ndiyo maana mpaka leo kitambulisho tunakiita kipande. Sasa amezikwa, amepumzika, na bado kuna karani mahali anamwita aje dirisha namba nne.

Kabla ya polisi kuna kengele. Nilikuwa nimeonywa kuhusu mambo mengi ya ukaazi, lakini hakuna aliyenionya kuhusu kengele. Polisi wa mtaa huanzia pale. Jina liwepo kwenye kengele, na liwepo kwenye sanduku la barua. Lisipokuwepo, kwa mujibu wa serikali wewe hukai pale, hata akikusikia unakoroma.

Kengele yangu ilikuwa na jina la mpangaji aliyetangulia, limechongwa kwenye kibao cha shaba. Nikaandika langu kwenye karatasi, herufi kubwa, nikalibandika juu kwa selotepu. Jioni narudi, karatasi haipo. Nikabandika nyingine. Ikabanduliwa. Nilianza kuwashuku watoto wa ghorofa ya pili, hata nikawakunjia uso kwenye lifti, mpaka ilipokuja barua ya msimamizi wa jengo. Wakaaji wanakumbushwa, ilisema, kwamba vibao vya majina ni vya shaba, ukubwa mmoja, herufi za aina moja, vinaagizwa kupitia ofisi ya msimamizi kwa fundi anayetambulika, gharama ni ya mkaaji, makaratasi yataondolewa. Nikapiga simu kuagiza. Fundi yuko likizo, nikajibiwa. Akirudi ana foleni.

Hebu fikiria vizuri. Haki iliyopitishwa na Bunge la Ulaya na Baraza la Mawaziri, ikachapishwa kwa lugha zote rasmi za umoja, sasa ilikuwa imekaa kitako inamngoja fundi wa vibao arudi kutoka baharini.

Kibao kilipofika nikagundua kina nafasi ya jina moja tu. Lipi? La ukoo, akasema msimamizi, ndilo polisi anatafuta. Kwa hiyo babu yangu, ambaye maisha yake yote hakuvuka Voi, leo ana kibao cha shaba Brussels. Nilipiga picha nikamtumia shangazi. Alilia kwa furaha, akasambaza kwenye kundi la ukoo, na binamu mmoja akauliza kama hiyo nyumba ni ya kwetu.

Haya, jina lipo. Polisi naye akaja. Nilijua amekuja kwa sababu aliacha kijikadi kwenye sanduku la barua: nimepita leo saa nne na nusu asubuhi, sikukukuta. Saa nne na nusu asubuhi, siku ya kazi! Nilikuwa wapi? Nilikuwa kazini, pale pale palipoandikwa kwenye barua ya mwajiri ambayo wao wenyewe walinitaka niilete, kuthibitisha kwamba ninafanya kazi, kwa maana nisipofanya kazi sina haki ya kukaa. Ninapaswa kuwa kazini ili nikae, na kuwa nyumbani ili niaminike kwamba nakaa. Walii anayeweza kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja ndiye angeandikishwa mara moja.

Nikapiga namba iliyokuwa kwenye kijikadi. Afande yuko nje, kwenye doria. Je, naweza kupanga naye siku? Hapana, atapita tena. Jioni je? Zamu yake ni ya mchana. Jumamosi? Kimya kidogo, kisha sauti ya mtu anayemwonea mwenzake huruma: "Madamu, Jumamosi."

Wiki zikapita. Vijikadi vikaongezeka, na mwandiko wake ukaanza kunifahamisha tabia yake. Kile cha mwisho alikipigia mstari chini ya "sikukukuta", na mimi na mistari tunajuana.

Nikamlalamikia bosi wangu, Mbelgiji wa hapa hapa, nikitarajia aone haya kwa niaba ya nchi. Alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe na wao wanatumiwa polisi. Mbelgiji akihama hata mtaa mmoja kwenda wa pili anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku nane za kazi, na afande anakuja kubonyeza kengele vile vile. Bosi alipooa na kuhamia kwa mkewe, afande aliwakuta wamelala mchana. Hilo lilinipoza kidogo: si ubaguzi, ni mila. Na mila, mtu wa Pwani anaielewa. Kwetu ukitaka kitambulisho unakwenda kwa chifu akuthibitishe, na serikali nayo ilituletea mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013 ili kila mtu amjue jirani yake. Tofauti ni kwamba chifu wa kwetu unamfuata wewe, akikukosa ni shauri lako; na akikupata, hakuulizi kama unaishi pale. Anakuuliza kwa nini mama yako hakuja kwenye harambee.

Aliyenipa ushauri wa maana ni Mama Bukavu wa ghorofa ya chini. Jina lake silitumii, hata yeye hajui kama nalijua. Jengo zima tunamwita hivyo, naye mimi ananiita dada ingawa ananizidi umri wa kutosha kunizaa. Kiswahili chake na changu hupishana njiani, ila hufika nyumba moja.

"Dada, ule polisi atakuya tu," akaniambia, anamenya ndizi. "Miye pia alinitesa. Weye bakia nyumba siku mbili, pika kitu ya kunukia. Bale banafataka arufu."

"Mama, kazini nitasema nini?"

"Sema uko mugonjwa ya makaratasi."

Nikaendelea kulalama, nikamsomea hata ibara ya 8. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka kisu chini. "Sikia. Weye unalia juu ya polisi mwenye anakuya kukupatia dokima. Humu Bulaya kuko batu, polisi akigonga, banaruka dirisha."

Kisha akaendelea na ndizi zake, na mimi nikapanda juu bila kuaga sawasawa.

Benki je? Benki nayo ilikuwa na zamu yake. Nilikwenda kufungua akaunti ili nilipwe mshahara. Dada wa benki akataka kitambulisho cha Ubelgiji. Nikamwambia ndicho ninachokingoja. Akasema basi nikipata nirudi. Hapo nikamtolea ibara ya 25 ya agizo lile lile, ambayo kwa maoni yangu ndiyo aya iliyoandikwa kwa ustadi kuliko zote: kuwa na cheti cha kujiandikisha hakutakuwa, kwa hali yoyote ile, sharti la mtu kutumia haki yake au kukamilisha shughuli ya kiofisi. Kwa hali yoyote ile! Dada akatikisa kichwa kwa heshima, akaniambia ni aya nzuri sana, na kwamba kompyuta yake haiendi ukurasa wa pili bila namba ya rejista ya taifa.

Namba hiyo ina tarakimu kumi na moja: sita za tarehe ya kuzaliwa, tatu za mfuatano, shufwa kwa wanawake na witiri kwa wanaume, na mbili za mwisho za kuhakiki zile za mbele. Kampuni ya simu inaitaka. Bima ya afya inaitaka. Hata tovuti ya manispaa, ukitaka kuuliza kadi yako imefikia wapi, inakuomba uingie kwa kutumia kadi yako. Nilikaa mbele ya ukurasa ule nikiutazama, nao ukinitazama, mpaka muda wake ukaisha ukanitoa.

Basi nikafuata ushauri wa Mama Bukavu. Nikaomba ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani, bosi akacheka tena, akanipa. Asubuhi nikakanda unga, nikatia iliki na tui, nikaanza kukaanga mahamri, mbaazi zinachemka pembeni. Nimejifunga leso, kichwani nina kilemba, mikono imejaa unga. Kengele ikalia.

Afande mwenyewe kumbe ni kijana, mrefu, masikio yamewiva kwa baridi, daftari mkononi. Akanisalimia kwa Kifaransa, akaongeza kwa Kiholanzi ili sheria itimie. Kisha akaangalia karatasi yake, akataja jina la babu yangu, akaniuliza kama mwenyewe yupo.

Na mimi, kwa mazoea tu, kabla akili haijawahi ulimi, nikamjibu: "Alifariki zamani."

Kalamu ikasimama. "Alifariki? Lakini ameomba kuandikishwa mwezi uliopita."

Kueleza majina ya Kiswahili kwa afisa wa polisi aliyesimama mlangoni, huku mahamri yanaungua, ni kazi ninayowatakia maadui zangu. Nikamletea pasipoti. Akahesabu majina kwa kidole: hili wewe, hili baba, hili babu. "Na jina la ukoo?" Hatuna. "Kwa hiyo watoto wako wataitwa nani?" Wao na baba yao na baba yake baba yao. Akafikiri. "Ni utaratibu mzuri," akasema, "ila hauingii kwenye fomu."

Akaingia ndani. Nilitarajia upekuzi, nilikuwa nimetandika kitanda kwa kukaza kona na kuficha chupi. Akatazama jikoni, akautazama mswaki bafuni kupitia mlango uliokuwa wazi, akauliza tunakaa wangapi. Mmoja. Akayatazama mahamri kwenye sinia, rundo la kulisha madrasa, akaniuliza tena: mmoja? Nikamwambia ni ya wiki nzima. Akaandika kitu.

Sasa adabu za kwetu haziruhusu mtu aingie jikoni mnapikwa kisha atoke mikono mitupu. Lakini mimi ni Mkenya, na huyu ni polisi, na nilichotaka kwake ni sahihi. Nikasimama na sahani mkononi, nafsi mbili zinagombana. Nikimpa kabla hajasaini, hiyo si "kitu kidogo"? Nikimpa baada ya kusaini, hiyo si asante ya kitu kidogo? Na nisipompa, marehemu mama atanijia ndotoni. Mwisho nikaiweka sahani mezani karibu naye, nikageuka kuangalia mbaazi, nikamwachia yeye na dhamiri yake. Nilipogeuka, fomu ilikuwa imesainiwa na sahani ilikuwa na nafasi. Hatukulizungumza. Muda wote aliokaa ndani haukutosha hata mbaazi kuiva.

Baada ya hapo, lazima niwe mkweli, mambo yakaenda. Ikaja barua, nikaenda dirishani, karani wa shati la pasi akanikabidhi cheti na baadaye kadi yenye chipu, bahasha ya namba za siri ikafuata kwa posta. Namba yangu ya mfuatano ni shufwa. Sweden nako ilikuwa shufwa, kwa hiyo angalau nchi mbili zimeafikiana jambo moja kunihusu. Kadi haisomeki kwenye kompyuta mpaka ununue kifaa cha kuichomeka. Nimenunua. Kimekwama kwenye "tafadhali subiri" tangu Jumanne.

Kabla sijaondoka dirishani, karani aliniongezea karatasi nyingine. Nikashtuka, nikauliza ni kiambatisho cha ngapi. Si kiambatisho, akasema. Kama raia wa Ulaya ninayekaa hapa, naruhusiwa kupiga kura za manispaa. Haki hiyo ililetwa na mkataba wa Maastricht. Nijaze fomu tu. Ila nijue kwamba hapa Brussels kupiga kura ni wajibu: nikishajiandikisha, siku ya uchaguzi ikifika lazima nitokee, nisipotokea kuna faini.

"Mkinitafuta nyumbani mtanikosa," nikamwambia.

Akacheka, safari hii kicheko cha mtu na si cha ofisi. Uchaguzi uliopita ulikuwa Oktoba 2024, ujao ni 2030, kwa hiyo muda wa kuwasikiliza wagombea ninao. Fomu niliijaza pale pale. Sera zao za tramu na bustani sijazisoma. Lakini mgombea yeyote, wa chama chochote, atakayesimama hadharani akaahidi kwamba polisi wa mtaa atakuwa anapita jioni, baada ya watu kutoka kazini, huyo kura ya babu yangu anayo.